Gesi ya soda yaweza kuwa godoro, mbolea na mafuta, lakini umeme ndio unaopanga bei

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Ukipita katika soko la Cotebu hapa Bujumbura, au ukisimama mpakani Kobero kutazama malori yanayoingia kutoka Ngara, utakutana na bidhaa nne ambazo hakuna anayezihesabu kuwa za ukoo mmoja: kreti za soda, magodoro ya sponji, mifuko ya mbolea ya urea, na makopo ya gundi ya mbao. Kwa muuzaji, kila moja ina mteja wake, ushuru wake na msimu wake. Kwa mkemia, zote nne zinaweza kuanzia kwenye gesi moja, kaboni dioksidi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la hewa ukaa.

Kwa miaka mingi gesi hiyo imetajwa kwetu kama adui wa tabianchi tu. Sasa viwanda kadhaa, kuanzia Denmark hadi China, vinainunua au kuikusanya kutoka kwenye mabomba ya moshi, vinaipitisha juu ya metali maalumu na kuigeuza kuwa kemikali zenye bei sokoni. Metali zenyewe si ngeni kwetu. Ni nikeli, ambayo imelala ardhini Musongati hapa Burundi na Kabanga nchini Tanzania. Ni shaba na kobalti, ambazo Katanga imezichimba kwa zaidi ya miaka 100. Ni zinki na chuma.

Swali la mfanyabiashara ni moja: faida itaangukia wapi? Wengi wanaosikia habari hizi hudhani itaangukia kwa mwenye metali. Hesabu inaonyesha vingine.

Gesi ambayo tayari inauzwa

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: kaboni dioksidi ni bidhaa halali ya biashara Afrika Mashariki, na imekuwa hivyo kwa miongo mingi. Nchini Kenya, kampuni ya Carbacid, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, huchimba gesi hiyo kutoka ardhini katika eneo la Kereita, kaunti ya Kiambu, huisafisha na kuiuzia viwanda vya vinywaji ndani na nje ya nchi. Nchini Tanzania, TOL Gases, ambayo mwaka 1998 ilikuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, huvuna gesi kama hiyo Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye milima ya volkano. Mapovu yanayopanda mtu anapofungua chupa ya soda ni gesi hiyo. Viwanda vya bia huipata pia bila kuichimba, kwa sababu chachu inapogeuza sukari kuwa kilevi huitoa kwa wingi.

Chanzo kikubwa kuliko vyote katika ukanda huu hakiko mbali na Bujumbura. Mto Ruzizi, unaoingia Ziwa Tanganyika magharibi mwa jiji hili, huanzia Ziwa Kivu. Chini ya ziwa hilo, katika maji yenye kina cha hadi mita 485, watafiti wamekadiria kwamba kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi iliyoyeyuka, pamoja na takriban kilomita za ujazo 60 za methani, gesi inayowaka. Rwanda na Kongo wanagawana ziwa hilo. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt karibu na Karongi huvuta maji ya kina kirefu, hutenga methani na kuzalisha megawati 26 za umeme. Kaboni dioksidi inayopanda pamoja na methani huoshwa kwa maji, na sehemu kubwa hurudishwa ziwani.

Wakazi wa Goma wanaijua gesi hii kwa upande wake mbaya. Katika mabonde madogo yanayozunguka mji huo, kaboni dioksidi inayovuja kutoka kwenye miamba ya volkano hutuama chini kama maji, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Watu wa huko wanaiita mazuku. Haionekani, na mbuzi anayeshuka bondeni asubuhi hukutwa amekufa. Watoto na watu wazima pia wamepoteza maisha. Nchini Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gesi hiyo ililipuka kutoka Ziwa Nyos na kuua zaidi ya watu 1,700. Ndiyo maana uvunaji wowote wa gesi ya Kivu hupangwa kwa uangalifu mkubwa, na kazi ya kuitumia si ya mtu na pampu yake.

Majivu yanayotafuta dalali

Kama gesi ipo tele, kwa nini haijageuzwa kuwa mali zamani? Kwa sababu kaboni dioksidi ni sawa na majivu. Kuni zikishaungua, nguvu yake imekwisha kutoka, na majivu hayawaki tena. Vivyo hivyo kaboni ikishaungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksidi, imetulia. Haitaki kuungana na kitu kingine kwa hiari.

Ili kuiamsha yahitajika vitu viwili. Cha kwanza ni mwenza mwenye nguvu, na mara nyingi mwenza huyo ni gesi ya haidrojeni. Cha pili ni kichocheo, yaani metali inayowakutanisha wawili hao juu ya uso wake, kuwalegeza na kuwaunganisha, kisha kuwaacha waende zao huku yenyewe ikibaki kama ilivyokuwa.

Kwa lugha ya sokoni, kichocheo ni dalali. Haingizi mali yake kwenye mzigo na wala haondoki na mzigo. Kazi yake ni kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi ambao wasingepatana peke yao. Na kama madalali wengine, kila kimoja kina wateja wake: nikeli huunganisha biashara moja, shaba nyingine, kobalti nyingine.

Wanaonunua vyuma chakavu wanakijua kichocheo bila kukiita hivyo. Kile kikopo chenye masega ndani kilicho kwenye bomba la moshi la gari, ambacho wezi hukikata usiku, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza moshi wenye sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kabla haujatoka nje. Kilo chache za masega hayo huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu metali hizo hazikuliwa na kazi, bado zimo.

Wa kwanza kuonyesha kwamba metali ya kawaida yaweza kuigeuza kaboni dioksidi alikuwa Mfaransa Paul Sabatier. Mwaka 1902, yeye na mwenzake Jean-Baptiste Senderens walipitisha kaboni dioksidi na haidrojeni juu ya unga wa nikeli wenye joto, wakapata methani na maji. Mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake ya vichocheo.

Ajabu ni kwamba chini ya Ziwa Kivu kazi hiyo hiyo ilikwisha kufanyika kwa maelfu ya miaka bila kiwanda. Sehemu ya methani ya ziwa hilo imetengenezwa na vijidudu vinavyochukua kaboni dioksidi na haidrojeni na kutoa methani. Ndani ya vijidudu hivyo, mahali hasa ambapo methani huzaliwa, pamekaa chembe ya nikeli.

Kila metali na bidhaa yake

Metali inayoongoza biashara hii leo ni shaba. Ikichanganywa na oksidi ya zinki na alumina, shaba huunganisha kaboni dioksidi na haidrojeni kuwa methanoli, kimiminika kinachofanana na spiriti. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kutumia kichocheo cha aina hiyo viwandani mwaka 1966, ingawa wakati huo gesi ilitokana na mafuta na gesi asilia. Methanoli ndiyo mama wa gundi za mbao na plaiwudi, za rangi kadhaa, za plastiki, na sasa pia ni mafuta ya meli.

Mwaka 2012, kampuni ya Carbon Recycling International ilianza kuzalisha methanoli huko Svartsengi, Iceland, kwa gesi iliyotoka kwenye kituo cha umeme wa jotoardhi. Uwezo wa kiwanda hicho ulikuwa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka, kwa kutumia tani 5,500 za kaboni dioksidi. Miaka kumi baadaye teknolojia hiyo hiyo ilifungwa Anyang, China, kwa kiwango cha tani 110,000 kwa mwaka. Mei 2025, kiwanda cha Kassø nchini Denmark kilifunguliwa kikiwa na uwezo wa tani 42,000. Mmoja wa wateja wake ni kampuni ya meli ya Maersk, ambayo mwaka 2023 ilizindua Laura Mærsk, meli ya makontena inayoweza kutembea kwa methanoli.

Shaba ina kipaji kingine. Katikati ya miaka ya 1980, Yoshio Hori na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba kipande cha shaba kilichotumbukizwa kwenye maji yenye kaboni dioksidi na kupitishiwa umeme hutoa methani na ethilini moja kwa moja, bila kuandaa haidrojeni kwanza. Ethilini ndiyo malighafi ya mifuko na ndoo za plastiki. Njia hiyo bado iko zaidi maabara kuliko viwandani, kwa sababu vipande hivyo huchoka upesi na hutoa bidhaa nyingi zilizochanganyika.

Kobalti na zinki zimeingia kwenye godoro. Huko Dormagen, Ujerumani, kampuni ya Covestro ilifungua mwaka 2016 kiwanda cha kutengeneza malighafi ya sponji ambayo hadi asilimia 20 yake ni kaboni dioksidi. Kichocheo cha njia hii ni mchanganyiko wa zinki na kobalti. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji haidrojeni: gesi huunganishwa na kemikali ambayo tayari ina nguvu ndani yake. Mteja anayelalia godoro hilo haoni tofauti.

Chuma kinashika upande wa mbolea na mafuta. Urea, ambayo wakulima wa mpunga wa bonde la Imbo na wa mahindi wa Kigoma wanaisubiri kila msimu, hutengenezwa kwa kuunganisha amonia na kaboni dioksidi. Hatua hiyo ya mwisho haihitaji kichocheo cha metali, bali joto na mgandamizo. Lakini amonia yenyewe hutengenezwa juu ya chuma. Kila tani ya urea hubeba karibu kilo 730 za kaboni dioksidi, na hadi leo urea ndiyo mtumiaji mkubwa kuliko wote wa gesi hii viwandani duniani. Yaani kila anayevusha mfuko wa urea wa kilo 50 amevusha zaidi ya kilo 36 za hewa ukaa iliyogeuzwa kuwa mbolea.

Na mafuta ya magari je? Kwa Burundi, ambayo katika miaka ya karibuni imejua foleni ndefu za petroli, hili ndilo swali la kwanza. Jibu ni kwamba inawezekana. Desemba 2022, mtambo wa majaribio wa Haru Oni, kusini kabisa mwa Chile, ulianza kutengeneza petroli kutokana na kaboni dioksidi, maji na umeme wa upepo. Uwezo wake ni lita 130,000 kwa mwaka. Kwa anayejua lori la mafuta linabeba kiasi gani, hayo ni malori kama manne kwa mwaka mzima.

Hesabu ya duka

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kuchukua kalamu. Tuchukue methanoli, kwa kuwa ndiyo iliyokomaa zaidi.

Tani moja ya methanoli inahitaji takriban tani 1.4 za kaboni dioksidi na kilo 190 za haidrojeni. Haidrojeni isiyotokana na gesi asilia hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, na kila kilo yake hula zaidi ya kilowati-saa 50. Ukizidisha, tani moja ya methanoli inameza karibu kilowati-saa 10,000, kabla ya kulipa mfanyakazi, lori au ushuru.

Katika miaka ya karibuni methanoli ya kawaida imekuwa ikiuzwa duniani kwa bei inayozunguka dola 300 hadi 400 kwa tani. Ukinunua umeme kwa senti 10 za dola kwa kilowati-saa, bili ya umeme peke yake ni dola 1,000 kwa bidhaa ya dola 350. Ukiupata kwa senti 3, bili ni dola 300, na hapo ndipo mazungumzo yanaweza kuanza, hasa kama yupo mnunuzi anayekubali kulipa zaidi kwa sababu bidhaa ni safi. Ndiyo siri ya Iceland: si kwamba wana shaba, wana umeme wa bei nafuu.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Mtambo wa Maporomoko ya Rusumo, unaomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, una megawati 80, na kila nchi hupata theluthi, karibu megawati 27. Tuseme fungu lote la Burundi lielekezwe usiku na mchana kwenye kiwanda cha methanoli. Zingetoka kama tani 64 kwa siku, zenye thamani ya dola 22,000 hivi. Umeme huo huo, ukiuzwa kwa senti 10 kwa mashine za kusaga, saluni, karakana za kuchomelea na majokofu ya samaki, ungeingiza dola 64,000 kwa siku. Na hapo hatujahesabu mkate ambao kila mteja wa umeme huo angeupata.

Kwa bei za leo, basi, kuuchoma umeme wa Burundi kutengeneza methanoli ni sawa na kuuza ng'ombe ili ununue maziwa. Nchi yenye kaya nyingi ambazo bado hazijaunganishwa na gridi haina umeme wa kuuelekeza huko. Mitambo mipya ya Jiji na Mulembwe, yenye jumla ya megawati 49.5, na Ruzizi III iliyopangwa kutoa megawati 206 za kugawana na Rwanda na Kongo, ina kazi nyingine za kufanya kwanza.

Tusihadaike na metali

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa nikeli ni kichocheo cha kugeuza hewa ukaa, basi Musongati itakuwa kisima cha utajiri wa tabianchi. Kauli hiyo inahitaji kupimwa kwenye mizani.

Dalali mmoja anaweza kuunganisha biashara elfu. Ndivyo ilivyo kwa kichocheo: tani chache za shaba au nikeli hufanya kazi kwa miaka kabla ya kubadilishwa. Kwa hiyo hata viwanda hivi vikiongezeka mara mia, havitameza nikeli nyingi. Karibu theluthi mbili ya nikeli ya dunia huenda kwenye chuma kisichoshika kutu, ile stenlesi ya sufuria na sinki, na sehemu nyingine inayokua huenda kwenye betri. Vichocheo vinachukua fungu dogo. Bei ya mzigo utakaotoka Musongati itapangwa na sufuria na betri, si na hewa ukaa.

Kuna tofauti nyingine kubwa: bei ya udongo wenye nikeli na bei ya kichocheo kilichokamilika. Kichocheo ni unga laini mno wa metali uliotandazwa juu ya vidonge vya alumina kwa ustadi ambao kampuni chache duniani wanao. Kinachouzwa hapo ni ujuzi zaidi kuliko metali. Pia ni kitu cha kuchunga. Salfa kidogo tu inatosha kuua kichocheo cha nikeli au cha shaba, kwa sababu hung'ang'ania uso wa metali na kufunga nafasi za kazi. Gesi ya Ziwa Kivu ina haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, na kwa hiyo ingebidi isafishwe kabla ya kufikishwa kwenye mtambo wa aina hiyo.

Hifadhi ya Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, imejulikana tangu miaka ya 1970. Miaka yote hii imebaki ardhini kwa sababu mbili zile zile zinazowakwamisha wafanyabiashara wadogo: usafiri na umeme. Udongo huo hauyeyushwi bila umeme mwingi, na haupelekwi bandarini kwa malori bila kula faida yote. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kiwango cha kimataifa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati. Reli hiyo ikikamilika itafungua njia ya madini kwenda Dar es Salaam, na njia ya bidhaa kurudi. Kwa upande wa Kabanga, wilayani Ngara, mpango uliotangazwa na mradi wa Tembo Nickel, ambao serikali ya Tanzania ina asilimia 16, ni kusafishia madini Kahama badala ya kuyauza ghafi. Nayo Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje Februari 2025, kisha Oktoba mwaka huo ikaweka mgao, ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka. Hatua zote hizo zinaelekea upande mmoja: mwenye metali anataka kuuza kitu kilichosogea mbele zaidi ya udongo.

Nani ana nini

Ukipanga mahitaji ya biashara hii kwenye karatasi, unapata mambo manne: gesi, metali, umeme wa bei nafuu, na soko. Sasa tazama ramani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022.

Gesi iko Kivu, Rungwe, Kereita, na kwenye kila kiwanda cha bia na saruji. Metali iko Katanga, Musongati na Kabanga. Umeme unaoweza kushuka bei uko kwenye jotoardhi la Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako Olkaria huwa na nguvu ya ziada usiku watu wanapolala, na kwenye mto Kongo huko Inga, ambako sehemu kubwa ya uwezo wa maji bado haijatumika. Soko la mbolea, magodoro, gundi na mafuta liko kila mahali. Hakuna nchi moja yenye vyote vinne mahali pamoja.

Kwa hiyo kiwanda cha kwanza cha aina hii katika ukanda wetu, kikija, hakitajengwa penye metali. Metali ni nyepesi kusafirisha ukilinganisha na kazi yake. Kontena moja linatosha kiwanda kwa miaka. Kitajengwa penye umeme. Kenya tayari ina kampuni changa, Octavia Carbon, inayojaribu karibu na Gilgil mitambo ya kukamata kaboni dioksidi kutoka hewani kwa msaada wa jotoardhi. Jirani yake ni Naivasha na Olkaria, na barabara ya kwenda Kampala, Kigali na Bujumbura inapita hapo.

Kwa Burundi nafasi ya karibu ni ndogo lakini ya kweli. Njia zisizokula haidrojeni, kama ile ya malighafi ya sponji, hazihitaji umeme wa Rusumo wote. Kuikamata na kuisafisha gesi ya uchachushaji kwa ajili ya vinywaji hakuhitaji kichocheo cha gharama. Na nikeli ya Musongati, itakapochimbwa, itakuwa na thamani kubwa zaidi kadiri itakavyosafishwa zaidi kabla ya kuvuka Uvinza.

Mambo ya kushika unapovuka

Wakati viwanda vikisubiriwa, bidhaa za ukoo huu tayari zinavuka mipaka yetu, na baadhi zina hatari zake. Haya ni mambo ya kushika.

Kwanza, majina ya forodha. Katika orodha ya pamoja ya ushuru, kaboni dioksidi iko namba 2811.21, methanoli 2905.11, urea 3102.10. Vichocheo vyenye nikeli viko 3815.11, na vyenye metali za thamani kama platinamu viko 3815.12. Mzigo ukiandikwa "kemikali" tu, utakaa kituoni mpaka sampuli ipimwe, na gharama ya kusubiri ni yako.

Pili, mitungi ya kaboni dioksidi. Ya vinywaji na ya viwandani si kitu kimoja hata kama mitungi inafanana. Dai cheti cha ubora kinachotaja matumizi ya chakula. Wakati wa kusafirisha au kuhifadhi, usiifungie kwenye chumba cha chini au kontena lisilo na hewa, na asilale mtu humo. Kumbuka mazuku: gesi ikivuja hutuama chini na haina harufu ya kukuonya.

Tatu, methanoli si kilevi. Inafanana na spiriti kwa rangi na harufu, lakini vijiko vichache vinaweza kupofusha, na kiasi kidogo zaidi ya hapo huua. Mei 2014, makumi ya watu nchini Kenya walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Anayeiuza bila lebo, au kuipima kwenye chupa za maji, anauza kifo, na kesi itamfuata ng'ambo yoyote ya mpaka.

Nne, masega ya magari na vichocheo vilivyochoka vya viwandani. Vyote vina metali ya thamani, lakini vilivyochoka huweza kubeba salfa, aseniki na sumu nyingine, na hivyo kuhesabiwa kuwa taka hatarishi. Kuvivusha bila kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi zote mbili ni kosa. Masega yasiyo na karatasi za gari yalikotoka huleta swali la wizi.

Tano, waangalie wanaouza ndoto. Akija mtu na hisa za kiwanda cha kugeuza hewa kuwa petroli, usimuulize metali gani anatumia. Muulize umeme anaupata wapi, megawati ngapi, na kwa senti ngapi kila kilowati-saa. Asiyekuwa na jibu la maswali hayo hana kiwanda.